Chuo kinapohama muungano wa michezo: Funzo la El Paso kwa vijana wa Kilifi

KATIKA mji mdogo wa Gongoni, kaunti ya Kilifi, ajira ambayo kijana huijua tangu utotoni ni ile ya mashamba ya chumvi. Kwa mwanafunzi wa huko aliyemaliza shule ya upili huku wazazi wakiwa hawana karo ya chuo, fununu kwamba mbio au mpira vyaweza kumlipia masomo Marekani si habari ndogo.

Hata hivyo, ufadhili huo una jambo moja ambalo familia nyingi hulitambua mwanafunzi akiwa tayari ameshasafiri. Chuo alichoandikishwa chaweza kuamua kuhama kutoka kundi moja la mashindano hadi jingine. Kikihama, wapinzani hubadilika, safari hubadilika na wakati mwingine bajeti ya mchezo wake hubadilika pia.

Mfano ulio karibu zaidi na historia ya Afrika Mashariki ni ule wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, maarufu kama UTEP. Oktoba 1, 2024, chuo hicho kilitangaza kwamba kingeondoka katika muungano wa Conference USA na kujiunga na Mountain West. Tarehe ya kuhama iliwekwa kuwa Julai 1, 2026.

Muungano ni nini?

Nchini Kenya, michezo ya vyuo vikuu huratibiwa na chama kimoja cha kitaifa. Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, kilichoanza mwaka 2007 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupata hati yake kamili Januari 2013, hakina haja ya kutafuta muungano wa kukipokea.

Marekani mambo ni tofauti. Kanuni kuu za mashindano hutungwa na chama cha kitaifa kiitwacho NCAA, lakini vyuo hujigawa vyenyewe katika miungano. Kila muungano una ratiba yake, mashindano yake ya ubingwa na mikataba yake ya televisheni. Mapato ya mikataba hiyo hugawiwa wanachama.

Aidha, hakuna kupanda daraja wala kushuka kama ilivyo katika ligi za soka. Chuo hakihamii muungano mwingine kwa sababu kimeshinda. Huhama kwa kualikwa, na mwaliko hutegemea soko la televisheni, umbali, viwanja na ukubwa wa mapato. Kikubalipo, mara nyingi hulazimika kuulipa muungano wa zamani fidia ya kuondoka.

Jina linalofahamika Afrika Mashariki

UTEP si chuo kigeni kwa wapenzi wa riadha wa eneo hili. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikimbilia chuo hicho. Mwaka huohuo alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani. Timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa wa mbio hizo kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1981.

Miaka mingi baadaye Mkenya Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mjini Seoul mwaka 1988, alikuwa mkufunzi chuoni humo. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Emmanuel Korir, aliyeshinda mbio za mita 800 za vyuo mwaka 2017, na mnamo Agosti 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo katika masafa hayohayo.

Kuachwa mara mbili

Pamoja na sifa hizo, UTEP kilikuwa kimeachwa nyuma zaidi ya mara moja. Mwaka 1998 vyuo vinane vilitangaza kujitoa katika muungano wa WAC, ambao UTEP kilikuwa mwanachama wake tangu miaka ya 1960. Vyuo hivyo ndivyo vilivyounda Mountain West mwaka 1999. UTEP hakikuwamo.

Mwaka 2005 kikahamia Conference USA. Huko nako mambo hayakudumu. Mwaka 2022 vyuo vitatu viliondoka, na mwaka uliofuata vikafuatwa na sita, vikiwamo majirani watatu wa jimbo la Texas: Rice, North Texas na UTSA. Nafasi zao zilijazwa, lakini baadhi ya wanachama wapya walikuwa mbali sana, mathalan Liberty cha jimbo la Virginia. Baadaye Delaware, kilicho karibu na pwani ya mashariki, nacho kikakaribishwa.

Kilichofungua mlango ni msukosuko uliotokea kwingine. Muungano mkongwe wa Pac-12 ulisambaratika mwaka 2023 baada ya wanachama kumi kati ya kumi na wawili kuamua kwenda kwingine. Waliobaki ni Oregon State na Washington State, chuo alichokuwa akisomea Mkenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Ili kujijenga upya, Septemba 2024 Pac-12 ilichukua vyuo vitano kutoka Mountain West, na mabishano ya fidia yakafika mahakamani. Mountain West ikawa inatafuta wanachama, nayo UTEP ikawa miongoni mwa walioalikwa.

Faida na hasara

Hoja kubwa ya kuhama ilikuwa jiografia. El Paso iko kwenye ncha ya magharibi ya Texas, na saa zake ni zile za majimbo ya milimani, si za sehemu kubwa ya Texas. Chuo Kikuu cha New Mexico mjini Albuquerque, mwanachama wa Mountain West, kiko takriban kilomita 430 kutoka hapo, umbali usiofikia ule wa Mombasa hadi Nairobi. Kwenda Miami kucheza na mwanachama mmoja wa Conference USA ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara.

Ratiba nayo ilihesabiwa. Tangu mwaka 2023, Conference USA imekuwa ikicheza mechi za kandanda ya Kimarekani katikati ya wiki mwezi wa Oktoba ili zionyeshwe kwenye televisheni, jambo linalowagusa wanafunzi wenye masomo siku inayofuata.

Lakini kuhama hakukosi gharama. Chuo jirani cha New Mexico State, kilicho kilomita 70 hivi kutoka El Paso na ambacho kimekuwa hasimu wake tangu mwaka 1914, hakikualikwa. Tena, miongoni mwa wanachama wa Mountain West yumo Hawaii, aliye ng'ambo ya bahari, takriban kilomita 5,000. Zaidi ya hayo, vyuo vilivyoupa muungano huo nguvu kubwa, vikiwamo Boise State na San Diego State, ndivyo vilivyokuwa vikiondoka.

Mkimbiaji anaathirika vipi?

Uamuzi wa kuhama hufanywa kwa kuangalia kandanda ya Kimarekani na mpira wa vikapu, michezo inayoleta fedha. Riadha hufuata tu. Hata hivyo, njia ya mkimbiaji kufika fainali za taifa haitegemei sana muungano. Katika mbio za nyika, vyuo hupangwa katika kanda tisa za kijiografia, na timu mbili za kwanza za kila kanda hufuzu moja kwa moja. Katika riadha ya uwanjani, wanariadha 48 wenye muda bora katika kila tukio, upande wa mashariki na wa magharibi, ndio wanaoalikwa kwenye mchujo. Saa ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo mkimbiaji wa El Paso alikuwa akikutana na wale wa New Mexico katika mchujo wa kanda hata kabla ya kuhama. Linalobadilika ni ubingwa wa muungano, idadi ya siku za kuwa njiani na fedha zinazobakia kwa michezo midogo.

Fedha hizo ndizo za kuangaliwa. Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kiwango cha hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Makubaliano hayo pia yaliweka kikomo cha idadi ya wanamichezo kikosini badala ya idadi ya ufadhili: kwa mbio za nyika, kikomo ni 17. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hubanwa na masharti ya kazi, hivyo si rahisi kwake kunufaika na malipo ya matangazo kama mwenzake Mmarekani.

Ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mzazi wa Gongoni, Mambrui au Marereni anayeletewa barua ya ufadhili anafaa kuuliza mambo kadhaa. Je, ufadhili ni wa mwaka mmoja au ni wa miaka yote ya masomo? Je, unagharimia karo pekee, au malazi na chakula pia? Chuo kikihama muungano au mkufunzi akiondoka, barua hiyo inabaki na nguvu gani? Na kijana akiumia, nani atalipa?

Yafaa pia kuhakikisha mchezo wenyewe upo. UTEP, kwa mfano, kina timu ya soka ya wanawake, lakini hakina ya wanaume. Mvulana hodari wa kandanda akipewa jina la chuo hicho na wakala, swali la kwanza linamtosha kujua kama anaambiwa kweli.