Kipanya cha kitufe kimoja na kipanya cha vitufe viwili

Kipanya cha kitufe kimoja ni kipanya cha kompyuta chenye sehemu moja tu ya kubofya. Kipanya cha vitufe viwili kina kitufe cha kushoto na cha kulia, na kila kimoja kina kazi yake. Kipanya chenyewe huitwa pia puku au mausi. Aina ya kitufe kimoja inajulikana hasa kutokana na kompyuta za kampuni ya Apple ya Marekani, ambayo iliitumia tangu mwaka 1983 hadi 2005. Aina ya vitufe viwili ilienea pamoja na kompyuta za Windows, na leo ndiyo inayopatikana karibu kila mahali, kwa kawaida ikiwa na gurudumu dogo katikati.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini wabunifu wa kompyuta walibishana juu yake kwa miaka mingi. Suala halikuwa kitufe tu. Suala lilikuwa mtu anayeanza kutumia kompyuta ajue mambo mangapi kabla ya kuanza kazi yake, na amri za programu ziwekwe wapi ili aweze kuziona.

Historia

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart pamoja na mhandisi Bill English katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, jimbo la California. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Hata hivyo Engelbart hakuwa mtetezi wa kitufe kimoja. Alipoonyesha mfumo wake mbele ya wataalamu huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kipanya chake kilikuwa na vitufe vitatu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kibodi ndogo ya vitufe vitano. Aliona kwamba chombo chenye nguvu kinastahili kujifunzwa kwa muda, kama watu wanavyojifunza kupiga kinanda.

Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, ilikuwa pia na kipanya cha vitufe vitatu. Kila programu ilivitumia kwa namna yake: aliyezoea kitufe cha katikati katika programu moja alikuta kinafanya jambo jingine katika programu nyingine. Xerox walipunguza idadi hiyo hadi vitufe viwili katika kompyuta yao ya Star mwaka 1981.

Larry Tesler alikuwa mmoja wa wataalamu wa kituo hicho, na mwaka 1980 alihamia Apple. Huko alifanya kazi katika mradi wa kompyuta ya Lisa, ambapo miundo ilijaribiwa kwa kuwatazama watu wasiozoea kompyuta wakiitumia. Tesler alitetea kitufe kimoja kwa hoja rahisi: mwenye kitufe kimoja hawezi kubofya kitufe kisicho sahihi. Lisa ilitoka Januari 1983 ikiwa na kipanya cha kitufe kimoja, na Macintosh ikafuata Januari 1984.

Microsoft walianza kuuza kipanya chao mwaka 1983, nacho kilikuwa na vitufe viwili. Kwa miaka mingi kitufe cha kulia kilikuwa na kazi chache na zisizofanana. Kilipata kazi inayoeleweka kwa wengi mwaka 1995 pale Windows 95 ilipokipa maana moja: bofya kulia juu ya kitu chochote, na menyu ya amri zinazohusu kitu hicho itatokea papo hapo.

Kitufe kimoja hufanyaje kazi ya viwili

Mtumiaji wa kompyuta huhitaji kufanya mambo mengi kwa kipanya: kuchagua faili, kuifungua, kuihamisha, kuinakili, kuibadilisha jina. Kitufe kikiwa kimoja, tofauti kati ya mambo hayo hutafutwa mahali pengine. Katika Macintosh ilitafutwa sehemu tatu.

Ya kwanza ni wakati. Kubofya mara moja huchagua faili, na kubofya mara mbili haraka huifungua. Ya pili ni kibodi. Kubofya huku kitufe cha Shift kimebonyezwa huongeza kitu kingine kwenye uchaguzi, na kukokota faili huku Option imebonyezwa huinakili badala ya kuihamisha. Tangu toleo la Mac OS 8 la mwaka 1997, kubofya huku Control imebonyezwa huleta menyu ileile ambayo watumiaji wa Windows huipata kwa kubofya kulia. Ya tatu ni ukanda wa menyu ulio juu ya skrini.

Hapo ndipo udhaifu wa hoja ya Tesler unapoonekana. Uzito ulioondolewa kwenye kipanya haukupotea, ulihamia kwingine. Kubofya mara mbili kumekuwa miongoni mwa mambo yanayowasumbua zaidi wanaoanza, hasa wazee na wenye mikono inayotetemeka. Wakichelewa kidogo kati ya bofyo la kwanza na la pili, kompyuta huhesabu mabofyo mawili tofauti, na pengine hudhani wanataka kubadili jina la faili. Kubonyeza Control huku ukibofya huhitaji mikono miwili, jambo ambalo si kila mtu anaweza.

Faida kubwa ya kitufe kimoja ilikuwa mahali ambapo haikutazamwa sana, yaani kwa waandishi wa programu. Kwa kuwa hawakuweza kutegemea kitufe cha pili, walilazimika kuweka kila amri ndani ya menyu inayoonekana. Mtu aliyekaa mbele ya Macintosh mara ya kwanza aliweza kufungua menyu moja baada ya nyingine na kusoma yote ambayo programu inaweza kufanya. Menyu ya kubofya kulia ina tabia tofauti: hakuna alama yoyote kwenye skrini inayoonyesha kuwa ipo. Kwa sababu hiyo miongozo ya Apple kwa waandishi wa programu inasisitiza kwamba amri isiwekwe katika menyu hiyo peke yake. Programu nyingi za siku hizi, za mifumo yote, hazifuati kanuni hiyo, na anayepata hasara ni yule ambaye hakuambiwa abofye kulia.

Kwa aliyekwisha kuzoea, vitufe viwili ni bora bila shaka. Amri huwa karibu na kitu kinachoshughulikiwa, na mkono hausafiri hadi juu ya skrini.

Mwisho wa kitufe kimoja

Apple wenyewe walianza kuachana nacho mwezi wa Agosti 2005 walipotoa Mighty Mouse. Kwa nje kilionekana hakina kitufe hata kimoja, lakini vihisio chini ya ganda lake vilitambua kidole kiko upande gani. Kilikuwa na kasoro: ili bofyo la kulia lihesabiwe, kidole cha kushoto kilipaswa kuinuliwa kabisa. Tena kilipofika kwa mnunuzi pande zote mbili zilifanya kazi moja, na aliyetaka kitufe cha pili alipaswa kukiwasha katika mipangilio. Desturi hiyo iliendelea katika Magic Mouse ya mwaka 2009. Ndiyo maana wengi huamini kuwa kipanya cha Apple hakiwezi kubofya kulia, ilhali kinaweza. Hata kipanya cha kawaida cha vitufe viwili kikichomekwa kwenye kompyuta ya Mac, kitufe chake cha kulia hufanya kazi bila kusakinisha chochote.

Padi ya mguso

Padi ya mguso ni kibao laini kilicho mbele ya kibodi ya kompyuta mpakato. Apple waliiweka katika PowerBook 500 mwaka 1994 ikiwa na kitufe kimoja chini yake, wakati kompyuta nyingi za Windows ziliwekewa viwili. Mwaka 2008 Apple waliondoa kitufe hicho na kufanya padi nzima ibonyezwe. Tangu 2015 padi zao nyingi hazishuki kabisa: mota ndogo hutikisa kioo na kidole hudhani kimebonyeza. Kompyuta ikizimwa, padi huwa kama ubao.

Katika padi za namna hii swali la kitufe kimoja au viwili limekuwa swali la vidole. Kugusa kwa kidole kimoja ni bofyo la kawaida, na kwa vidole viwili ni bofyo la kulia. Hivyo ndivyo ilivyo katika Mac, Windows na ChromeOS. Padi nyingi za Windows hukubali pia kubonyezwa pembeni kulia, sehemu ya chini, ingawa mara nyingi hakuna mstari unaoonyesha mpaka. Mtumiaji anayelalamika kuwa menyu "zinajitokeza zenyewe" mara nyingi amebonyeza pembe hiyo bila kujua.

Marekebisho kwa mtumiaji wa kawaida

Mwendo wa kubofya mara mbili unaweza kupunguzwa katika mipangilio ya Windows na ya Mac, na kwa mtu mzee hilo husaidia kuliko kununua kipanya kingine. Katika Windows menyu ya kubofya kulia hupatikana pia kwa kibodi, kwa kubonyeza Shift na F10 pamoja.

Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kubadilisha vitufe viwili vishike nafasi za kila kimoja. Akifanya hivyo, maelekezo ya kitabu yanayosema "bofya kulia" kwake yana maana ya kushoto, kwa hiyo baadhi ya miongozo hupendelea kusema "kitufe cha pili". Kipanya cha kitufe kimoja hakikuwa na tatizo hilo.

Aliyeanza na simu ya skrini ya mguso kabla ya kugusa kompyuta, kama ilivyo kwa vijana wengi Afrika Mashariki, tayari anajua mfano wa kitufe kimoja: kugusa hufungua, na kugusa na kushikilia huleta menyu. Mbele ya kompyuta hujaribu kushikilia kitufe cha kushoto juu ya faili akisubiri menyu. Kwa kawaida haitokei, mpaka aonyeshwe kitufe cha kulia.