Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Milele

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini lina swali zito ndani yake: ikiwa mwenye kudai ni mnyonge, na mwenye kudaiwa ndiye aliyeshika sheria, mahakama na bunduki, deni hilo litalipwa na nani? Watu wa Kakamega walikutana na swali hili mwaka 1932. Jambo lililowapata lilikuwa kubwa kiasi cha kuzungumzwa hata katika Bunge la Uingereza. Namna walivyolikabili ni sehemu ya historia ya haki katika Kenya, nayo yafaa ikumbukwe na kila kijana anayesoma.

Siku hizo wilaya hiyo iliitwa Kavirondo ya Kaskazini. Makao ya Serikali yalikuwa yamehamishwa kutoka Mumias, mji wa Nabongo Mumia, yakaletwa Kakamega mwaka 1920. Kulikuwa na watu wa Isukha na Idakho, wa Maragoli na Bunyore, wa Wanga, Kabras, Butsotso, Bukusu na wengineo. Kila jamaa na mila yake, lakini wote wakulima na wafugaji waliopata riziki yao katika ardhi. Ardhi kwao ilikuwa zaidi ya mali. Humo walizikwa wazee wao, na humo kila ukoo ulikuwa na oluyia lwake, yaani kiwanja cha kuota moto ambapo wanaume walikutana asubuhi kuamua mashauri yao. Kumwondoa mtu hapo hakukuwa sawa na kumhamisha kutoka nyumba hii mpaka ile; kulikuwa kumwondoa katika jamaa yake, walio hai na waliokufa.

Lakini mbele ya sheria ya kikoloni watu hawa walikuwa na nini? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915, mlowezi wa Kizungu aliweza kukodishiwa shamba kwa muda wa miaka 999. Mwafrika hakupewa hati yoyote. Mwaka 1921 Mahakama Kuu iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza, wakikaa kwa hiari ya Serikali. Basi mtu aliyekuwa akilima shamba la babu wa babu yake aliambiwa kwamba anakaa pale kwa hisani. Habari hiyo iliingiza hofu katika kila wilaya, kwa kuwa mahali pengi katika nchi watu walikuwa wamekwisha kuona mashamba yao yakipewa wageni.

Ili kuituliza hofu hiyo, Serikali ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji mwaka 1930. Sheria hii ilisema kwamba ardhi zilizotengwa kuwa rizavu ni za makabila yaliyomo, kwa manufaa yao, milele. Iliongeza masharti mawili ya kuilinda ahadi hiyo. Kwanza, kama sehemu ya ardhi itatakiwa kwa kazi ya umma, kipande kingine kinacholingana nayo kiongezwe katika rizavu badala yake. Pili, kabla ya ardhi kutwaliwa, Baraza la Wenyeji na watu wanaohusika wajulishwe. Maofisa waliifasiri sheria hiyo kwa watu, nao waliipokea kama mtu apokeavyo neno la mkubwa lililotolewa mbele ya mashahidi.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ilionekana Kakamega. Mwanzilishi wa uchimbaji alikuwa L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima karibu na Turbo. Habari hii ilikuja wakati wa shida. Tangu mwaka 1929 biashara ya dunia ilikuwa imeanguka. Bei za mahindi na kahawa zilishuka, walowezi wengi walikuwa na madeni, na mfuko wa Serikali ulikuwa mtupu. Tena mwezi wa Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Dhahabu ilionekana kuwa mwokozi wa koloni zima. Mamia ya Wazungu walikuja na mahema, sururu na karai, wakatafuta katika mito na mashamba, wakapiga vigingi kuweka mipaka ya mahali walipotaka kuchimba. Mahandaki yalikatwa kati ya mihogo na mtama.

Si haki kusema kwamba wenyeji hawakupata chochote. Vijana wengi walipata kazi za mshahara karibu na kwao, na wanawake waliuza ndizi, mahindi na kuku. Lakini fedha za kodi na za soko ni jambo moja, na usalama wa shamba ni jambo lingine. Madini yaliyomo chini ya ardhi yalikuwa ya Serikali kwa sheria, na mwenye shamba alilipwa fidia ya mazao au nyumba iliyoharibiwa tu. Wazee waliotazama vigingi vile waliuliza: Je, wageni hawa watachimba na kwenda zao, au wamekuja kukaa? Waliouliza hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wameyasikia yaliyowapata wengine.

Sasa sheria ya 1930 ilisimama njiani. Kampuni zilitaka kukodishiwa sehemu za rizavu kwa uchimbaji mkubwa, na sheria ilidai ardhi kwa ardhi. Wilaya ilikuwa imejaa watu. Katika nchi kama Maragoli ardhi ya bure haikuonekana. Kulikuwa na ardhi nyingi katika nyanda za juu, lakini hizo zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya Wazungu. Serikali ya Gavana Sir Joseph Byrne ilichagua njia nyepesi kwake. Mwezi wa Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria liliibadili sheria kwa haraka. Kwa ardhi iliyotakiwa kwa madini, fidia ya fedha ingetosha badala ya ardhi, wala haikuwa lazima kulijulisha kwanza Baraza la Wenyeji. Neno milele lilikuwa limedumu miaka 2.

Hapa, msomaji, yafaa usimame kidogo utafakari. Katika Baraza lile lililobadili sheria hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika walisemewa na Wazungu walioteuliwa kuwasemea. Wala hasara haikuwa ardhi peke yake. Aliyeahidiwa hakuulizwa alipokuwa akinyang'anywa ahadi. Mlowezi mwenye mkataba wa miaka 999 alikuwa na wakili, gazeti na mwakilishi barazani. Mkulima wa Idakho alikuwa na neno la Serikali tu, na Serikali imelirudisha neno lake. Ubaguzi wa rangi haukuwa katika matusi na vibao vya milangoni peke yake. Ulikuwa pia katika kuamua ni ahadi ipi ivunjwe na ni ipi iheshimiwe.

Kitendo hiki kilizusha kelele Uingereza. Februari 1933 jambo la Kakamega lilijadiliwa Bungeni London, na miongoni mwa waliolilaumu alikuwa Lord Lugard, mtu aliyeitumikia dola ile maisha yake yote. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliitetea Serikali ya Kenya, na sheria haikurudishwa ilivyokuwa. Lakini tusidhani kwamba heshima ya jambo hili ni ya mabwana wa London peke yao. Kakamega yenyewe ilikuwa na watu wake.

Tangu mwaka 1921 vijana wa Nyanza waliosoma katika shule za misheni walikuwa wamejifunza kuungana ili kutoa malalamiko yao juu ya kodi, kipande na kazi ya lazima. Baadaye chama chao kiliongozwa na mmisionari wa Kianglikana, W. E. Owen, aliyekuwa mkali katika kuwatetea Waafrika. Chama hicho kilileta faida, lakini uongozi ulikuwa mikononi mwa mgeni, hata kama alikuwa mgeni mwema. Baada ya dhahabu kuonekana, watu wa Kavirondo ya Kaskazini walianzisha chama chao wenyewe mapema katika miaka ya 1930. Walikiita North Kavirondo Central Association, kwa mfano wa jina la chama cha Wakikuyu kilichoanzishwa mwaka 1924. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Andrea Jumba, Erasto Ligalaba na John Adala. Nguvu yake ilikuwa hasa Maragoli, kati ya watu waliosomeshwa na misheni ya Marafiki, iliyoanza kazi Kaimosi mwaka 1902.

Watu hawa hawakuwa na jeshi wala mali. Silaha yao ilikuwa kalamu na mkutano. Waliandika barua na maombi kwa wakubwa wa Serikali, wakadai ardhi yao ilindwe kwa sheria isiyogeuzwa kila wapendavyo wenye nguvu. Walisoma maneno ya sheria, wakawafafanulia wasiojua kusoma. Utamaduni wa kusikilizana katika oluyia waliuhamishia katika mikutano ya chama. Tena walikuwa miongoni mwa waliolieneza jina la Abaluyia, yaani watu wa oluyia, badala ya Kavirondo, jina walilopachikwa na wengine. Huenda kijana wa leo akadhani kwamba jina ni jambo dogo. Lakini mtu anayedai haki hana budi kwanza kusema yeye ni nani, na kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Historia ya kweli haifichi makosa. Chama hiki hakikuwapendeza watu wote. Kilipodai kwamba nchi nzima iwe na chifu mkuu mmoja, kwa matumaini kwamba mkubwa kama huyo angekuwa mlinzi wa ardhi, watu wengi nje ya Wanga walikataa, hasa Wabukusu, ambao hawakutaka tena utawala wa nyumba ya Mumia. Machifu wengine waliwaona vijana hawa kuwa wachochezi wanaowavunjia heshima. Basi umoja uliotangazwa katika jina ulikuwa bado haujakamilika katika mioyo. Ilipofika mwaka 1940, vita vikuu vikiwa vimeanza, Serikali ilipiga marufuku chama cha Wakikuyu na vyama vingine, na sauti ya chama cha Kakamega nayo ikafifia.

Je, walishinda? Ukipima kwa sheria ile moja, hapana. Migodi ilichimbwa, mkubwa wao ukiwa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, mpaka ulipofungwa mwaka 1952. Mwaka 1939 nyanda za juu ziliwekwa rasmi kwa ajili ya Wazungu kwa amri ya Uingereza. Rizavu haikuvunjwa yote kama walivyoogopa wazee, lakini sababu moja kubwa ni kwamba dhahabu yenyewe haikuwa nyingi kama ilivyotarajiwa. Haki inayosalimika kwa sababu mali imekwisha haijalindwa na mtu. Imeponea tundu la sindano.

Lakini ukipima kwa walichokiacha, jibu ni lingine. Walijifunza, wakafunza wengine, kwamba ahadi ya mkubwa haitoshi kama mdogo hana kiti mahali ahadi inapofanywa na kuvunjwa. Madai ya kuwa na wawakilishi yaliendelea katika nchi nzima. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao, na watu wa Nyanza ya Kaskazini, kama wilaya ilivyoitwa wakati ule, wakamchagua Masinde Muliro. Miaka 25 ilikuwa haijatimia tangu sheria ibadilishwe bila wao kuulizwa.

Hata leo jambo hili halijafungwa. Wachimbaji wadogo wangali wanaitafuta dhahabu katika ardhi ya Kakamega. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu, na mtu anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia ya haki. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Haya ni maneno mazuri. Lakini hata sheria ya 1930 ilikuwa na maneno mazuri.

Karatasi huandikwa na mkono, na mkono huo huo waweza kuifuta. Kinachoizuia karatasi isifutwe ni watu wanaojua kilichoandikwa na wasiokubali kunyamaza kinapoguswa. Andrea Jumba na wenzake hawakuirudisha ahadi iliyovunjwa, lakini waliiandika katika kumbukumbu za watu, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa Kakamega hawakujua wanachodai. Nawe msomaji, utakaposikia siku moja kwamba jambo la ardhi ya kwenu linaamuliwa, uliza maswali mawili waliyoyauliza wao: Sheria inasemaje? Na sisi tumeketi wapi inapozungumzwa?