Tembe la Kwihara

Mtu atokaye Sumbawanga akafika Tabora asiende kulitazama tembe la Kwihara, nusu ya safari yake imepotea. Ni nyumba ya udongo, paa lake bapa, na mlango wake wa nakshi kama ile ya pwani. Ya kale ilibomoka. Isimamayo leo imejengwa upya, nayo ni makumbusho.

Huko Kwihara alifikia Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, mwaka 1871. Mwezi wa Agosti alifuatana na Waarabu kumpiga Mirambo, wakashindwa. Alipokwisha kumpata Livingstone kule Ujiji alirudi naye tembeni, Februari 1872, Machi akaondoka. Katika Uingereza na Marekani alisimulia habari zake mbele ya makutano, akaandika na kitabu, jina lake likavuma. Alikuwa fundi wa kujionyesha, sikatai.

Walakini mimi huwakumbuka zaidi wale watu 57 aliowatuma kutoka pwani. Livingstone aliwangojea hata Agosti, akashuka nao kusini kwa kupita Ufipa yetu, kandokando ya ziwa. Alipokufa kwa Chitambo, Mei 1873, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakaufunga katika gome la mti, wakauchukua kwa miguu, wakapita tena Ufipa. Oktoba walifika Kwihara. Cameron, Mwingereza waliyemkuta huko, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.