UZI: Mvuke wa Olkaria, na ile 5% tunayoahidiwa kila msimu wa kura

Huku Kuresoi, kaa hotelini Keringet au Olenguruone na chai yako, hutakosa mtu wa kuuliza: "Nakuru tunawashia Kenya nzima stima, sisi tunapata nini?" Swali ni halali. Majibu ya jukwaani ndiyo mabovu, pande zote. Twende polepole.

1/ Olkaria iko Naivasha, kaunti hii hii yetu. Uchimbaji ulianza 1956, wakati wa mkoloni. Visima viwili, mvuke wa maana hakuna, kazi ikaachwa.

2/ Miaka ya 70 mafuta yakapanda bei, UNDP ikasaidia kuchimba upya. 1981 mtambo wa kwanza ukawaka, megawati 15. Kufikia 1985 ni 45.

3/ Hii sehemu watu huiruka. Huko hakukuwa pori tupu, Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo. 1984 Hell's Gate ikafanywa mbuga ya taifa. Ikaja Olkaria IV, megawati 140, na 2014 familia zikahamishiwa kijiji kipya kinachoitwa RAPland. Wakalalamika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wakaguzi wa Benki ya Dunia wakakuta benki yenyewe haikufuata baadhi ya kanuni zake, na ikabidi watu waketi kwenye upatanishi. Kwa hivyo ukisikia "stima safi", sawa, moshi hakuna. Lakini kuna mtu alihama.

4/ Sasa pesa. Sheria ya Nishati ya 2019 inatoza mrabaha wa 1% hadi 2.5% ya thamani ya mvuke pale kisimani kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 2% hadi 5%. Mrabaha huo unagawanywa: serikali kuu 75%, kaunti 20%, jamii ya wenyeji 5%.

Yaani ile 5% si ya stima yote, jameni! Ni 5% ya mrabaha. Mvuke wa shilingi 100 unawapa wenyeji senti 5 hadi 12 na nusu katika hiyo miaka 10. Piga hesabu mwenyewe.

5/ Na "wenyeji" ni nani? Sheria inasema ni watu wa kaunti ndogo ambako rasilimali inachimbwa, tena walioathiriwa. Olkaria ni Naivasha. Sisi Kuresoi chetu kiko ndani ya ile 20% ya kaunti, kwa hivyo cha kufuatilia ni bajeti ya Nakuru.

Akija mtu Keringet akiwaahidi ile 5%, muulizeni kisima chake kiko shamba la nani.