Santuri za Bibi na Sindano Yake

Baadhi yetu tumezikuta santuri kwenye masanduku ya bibi zetu, hapa kisiwani na kule Mwanza mjini. Kabla hatujanunua mashine ya kuzichezea, tujue zilikotoka.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu akiviuza, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Mwaka huohuo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na bidhaa za pwani zikapata njia ya kutufikia huku ziwani. Sauti ya mwanamke ikaingia nyumba ambazo mwenyewe hakuzikanyaga.

Santuri za wakati ule huvunjika kama sahani, na huzunguka mara 78 kwa dakika. Za baadaye, za plastiki, huzunguka mara 33 au 45, na mifereji yake ni myembamba. Basi tuchague mashine yenye spidi zote tatu, na sindano mbili. Ni kama cherehani: sindano ya jinzi ukiitia kwenye hariri, inachana. Vilevile sindano ya chuma ya gramafoni ya mkono huikwangua plastiki, na sauti iliyokwanguliwa hairudi.

Sauti za mama zetu ni amana. Mungu atujalie kuzitunza.