Friza ya Mjomba na Giza la Unguja

Ndugu msomaji, nyumbani kwetu Lyulilo kuna friza ambayo haijagandisha kitu chochote tangu ifike. Mama anaweka mchele humo, maana panya wa huku hawana adabu. Ukiifungua inanukia mpunga, na pembeni imeshaliwa na kutu. Friza hiyo ni ya mjomba. Alirudi nayo kutoka Unguja mwaka 2010. Ilipanda meli, ikapanda basi mpaka Kyela, ikamalizia safari juu ya pikapu. Wakati huo nyumba yetu haikuwa hata na waya wa umeme.

Nilikuwa bado mtoto. Jumamosi, siku ya gulio, akina mama wa Kikisi wakishateremsha vyungu vyao kwenye mitumbwi walipita kuchungulia lile sanduku jeupe, wakacheka weee. Mjomba yeye hakucheka.

Nimemaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Ya kwanza nilitaka iwe ya friza hii. Lakini kila nikishika kalamu naona sijui vizuri kilichomkuta mwenye nayo. Basi nikaona nianze na historia, riwaya itafuata.

Unguja si mgeni wa umeme hata kidogo. Jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwekewa taa za umeme. Baadaye mji ukawa unategemea mashine za mafuta. Halafu mwaka 1980 ukalazwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Kwa mahitaji ya siku zile, ulitosha na kubaki.

Lakini kisiwa hakikukaa vilevile. Zikaja hoteli za watalii, nguzo zikafika vijijini, watu wakanunua mafriji na pasi. Pampu za maji nazo zilitegemea umeme huohuo. Mzigo wote ule ukaning'inia kwenye waya mmoja unaozeeka. Sisi wa ziwani tunajua: mwenye mtumbwi mmoja hauachi kuuziba eti kwa sababu leo mwera haujavuma.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme ukakatika Unguja nzima. Ulirudi tarehe 18 Juni. Mjomba alikuwa akiuza barafu kwa wavuvi. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya friza hiyo na nyingine mbili. Wiki ya kwanza alingoja. Ya pili akauza moja. Umeme uliporudi akakopa, akanunua nyingine, akaanza upya.

Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alilichunguza giza lile. Aliona kwamba watu waliofanya kazi zinazohitaji umeme walipoteza saa za kazi na kipato. Hilo hata mjomba angemwambia bure. Ila akaenda pia kwenye rekodi za wodi ya wazazi. Akakuta kuwa watoto ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa giza walizaliwa, kwa wastani, wakiwa na uzito pungufu. Niliposoma hapo nikafunga karatasi nikatoka nje. Kumbe giza hupimwa hata kwa mizani ya mtoto! Mtoto ambaye hajawahi kuona taa wala gazeti ameshaanza kulipa bili.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana, yakaanza Maridhiano. Watu wakapumua. Tarehe 10 Desemba umeme ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu! CCM na CUF wote wakakaa giza moja. Hoteli kubwa ziliunguruma kwa majenereta. Mlalahoi akanunua maji kwa ndoo, akanunua mishumaa, huku kazi yake imesimama. Alilipa zaidi kwa kuwa alikuwa na kidogo.

Sasa nisije nikaonekana mlalamishi tu. Ukweli usemwe: fedha za waya mpya zilikuwa njiani. Mkataba na Wamarekani ulisainiwa Februari 2008, kabla hata ya giza la kwanza. Waya wenyewe, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Kulaza waya baharini si kazi ya siku mbili, nakubali. Lakini kati ya saini na waya palihitajika kitu cha kuwashikilia watu. Majenereta ya dharura yalifungwa Mtoni baada ya giza la pili. Kwa nini si baada ya la kwanza? Giza la 2008 lilikuwa barua ya onyo. Vigogo walikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kuisoma. Naamini hapo ndipo hasira ya wananchi ilipozaliwa. Mtu huvumilia giza. Hakubali kuona barua yake imeachwa mezani bila kufunguliwa.

Hata waya mpya haukumaliza maneno. Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza wadaiwa sugu wa umeme wakatiwe, Zanzibar ikiwemo, kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 100. Fikiria mwenye saluni pale Darajani aliyelipia umeme wake kila mwezi, halafu anasikia redioni kwamba anaweza kukatiwa kwa deni ambalo si lake.

Mjomba yeye hakungoja hayo. Giza la pili lilimkuta na mkopo wa giza la kwanza. Aliuza alichoweza, akabakiwa na friza moja iliyokosa mnunuzi. Nani angenunua friza Unguja wakati ule?

Mwishoni mwa 2023 mgao ulipotukumba huku bara, dada yangu alikuwa ameanza kuuza soda baridi gulioni. Bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024 hali ikawa nafuu, naye akapata moyo. Juzi amesema tuitoe mchele ile friza, aiite fundi, wavuvi wa hapa nao wanahitaji barafu.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mpwa wangu, na ukikatika mwezi mzima, utakula nini?"

Dada hakuwa na jibu. Na mimi, ndugu msomaji, nimekaa siku tatu na swali hilo. Si dada wa kuulizwa. Waulizwe wale wanaopokea barua.

Mchele bado umo.