Maada Sare: Asilimia 0.1 ya Nini?

Sheria ya Umoja wa Ulaya inayojulikana kwa herufi RoHS husimuliwa kwa sentensi moja: vifaa vya umeme na elektroniki visiwe na risasi inayozidi asilimia 0.1. Sentensi hiyo ina pengo kubwa. Haisemi asilimia 0.1 ya nini.

Tuchukue chaja ya simu yenye uzito wa gramu 50. Tuseme bodi yake ya saketi imelehemiwa kwa gramu 0.1 ya lehemu ya zamani, ile ambayo roli yake huandikwa 63/37, yaani sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi. Risasi iliyomo ni gramu 0.037. Igawanye kwa uzito wa chaja nzima, unapata asilimia 0.074: chaja imefaulu. Igawanye kwa uzito wa lehemu peke yake, unapata asilimia 37, mara 370 ya kikomo. Chaja ni ileile na sumu ni ileile.

Sheria inafuata hesabu ya pili. Kikomo hupimwa ndani ya kila maada ambayo ni ya namna moja kote, au ambayo mchanganyiko wake hautenganishiki kwa kufungua skrubu, kukata, kuponda, kusaga wala kukwangua. Dhana hii napendekeza tuiite maada sare. “Malighafi” haifai, maana malighafi ni kitu kabla hakijaingia kiwandani, na hapa tunapima kilichokwisha kutengenezwa. “Nyenzo” nayo humpeleka msomaji kwenye zana za kazi. Maada tumeizoea tangu darasa la sayansi, na sare inabeba ule usawa wa ndani.

Katika waya wa umeme, ganda la plastiki ni maada sare moja na shaba iliyomo ni nyingine. Skrubu iliyopakwa zinki ina angalau mbili: chuma chenyewe, na utando wa juu ambao ni mwembamba kuliko unywele lakini unakwanguka. Katika tando za namna hiyo ndimo kromiamu yenye valensi sita ilimokuwa ikitumika kuzuia kutu. Ukiipima kwa uzito wa skrubu nzima, huioni kabisa.

Hata kabla ya RoHS, waya mmoja uliwahi kusimamisha shehena. Mwishoni mwa mwaka 2001 Uholanzi ilizuia takribani mashine milioni 1.3 za michezo za PlayStation za kampuni ya Sony, kwa sababu nyaya zake zilikuwa na kadimiamu kupita kiwango cha sheria ya nchi hiyo. Mashine zenyewe zilikuwa nzima.

RoHS ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006 ikiwa na dutu sita: risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu yenye valensi sita, na makundi mawili ya kemikali zenye bromini zinazotiwa kwenye plastiki ili isishike moto upesi. Kadimiamu ilipewa kikomo kikali zaidi, asilimia 0.01. Tangu 22 Julai 2019 zimeongezwa fthaleti nne, zinazolainisha plastiki. Nasema “kikomo” kwa makusudi, kwani “marufuku” ingepotosha: aloi za shaba, kwa mfano, zimeruhusiwa kwa miaka mingi kuwa na risasi hadi asilimia 4.

Viwanda vingi vilihamia lehemu ya bati, fedha na shaba kidogo, inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi badala ya 183. Fundi simu anaijua tofauti hiyo kwa mkono: kiungo cha kiwandani kinachelewa kulegea, naye huongezea lehemu yake ya 63/37 ili kiyeyuke upesi. Kikipoa, kiungo hicho ni maada sare mpya yenye risasi, na moshi wa kazi ameshauvuta akiwa ameinamia meza.

Kwa hiyo anayeandika zabuni ya kununua kompyuta za shule asiandike kwamba kifaa kisizidi asilimia 0.1 ya risasi. Aandike: “Hakuna maada sare yoyote ndani ya kifaa itakayozidi asilimia 0.1 ya risasi kwa uzito, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu.”